Kivinjari kikitekwa, kagua na ikoni yake

Ndugu zangu wa Mbeya, juzi nilikuwa Uyole kwa dada yangu nikisafisha kompyuta yake. Kila akifungua Chrome, unatokea ukurasa wa kutafutia asioujua. Alishafuta viendelezi vyote (programu ndogo zinazoongezwa ndani ya kivinjari) na kurudisha mipangilio ya mwanzo, lakini ukurasa ukawa unarudi tu.

Anzeni na programu iliyouleta. Fungua Control Panel, panga programu kwa tarehe, uondoe ile iliyoingia siku tatizo lilipoanza. Kwa dada ilikuwa kigeuzi cha PDF cha bure.

Halafu ikoni yenyewe ya Chrome, hapa ndipo wengi tunaposahau. Bofya kulia, ingia Properties, soma mstari wa Target hadi mwisho. Ukikuta anwani ya tovuti imebandikwa baada ya chrome.exe, ifute, bonyeza OK. Ikoni iliyo kwenye upau wa chini ina mstari wake, nayo ikagueni. Ya dada ilikuwa imechafuliwa vilevile.

Nywila za barua pepe na benki zibadilisheni baada ya kusafisha, si kabla.