SOMO: Njia ya kwenda maporomokoni imegeuka mtaro wa tope? Anza na maji kabla hujawalaumu wageni

Wakuu salama? Wengi humu mnasimamia sehemu zenye mandhari vijijini, maporomoko, vilele, misitu yenye ziwa katikati, na msimu ukiisha kilio ni kilekile, wageni wametuharibia. Mi naomba nibishe kidogo. Nimeshika sururu kwenye njia za miguu muda mrefu, na mharibifu wa kwanza ni maji, mgeni ni wa pili, tena anaharibu kwa sababu maji yameshamnyang'anya pa kukanyaga. Mtu kavaa raba nyeupe, anakuta dimbwi, hapiti katikati ng'o, anapanda nyasi za pembeni, wa nyuma yake anapanda pembeni zaidi, miezi miwili tu njia ya mtu mmoja inapitisha lori.

Hatua ya 1. Nenda mvua ikiwa inanyesha
Sio kesho yake, wakati inanyesha. Vaa buti, beba mambo za miti (vigingi vidogo vya kuchomeka ardhini), tembea taratibu ukiangalia maji yanaingilia wapi kwenye njia na yanatokea wapi. Mara nyingi utakuta yameingia juu kabisa kwenye kona moja na hayatoki mpaka chini, yanateremka na njia yakizidi nguvu, ukichuchumaa unayaona yanavyochukua punje za kokoto moja moja kutoka kwenye alama ya kisigino cha mtu. Kila yanapoingia chomeka mambo. Hiyo ndo ramani yako ya kazi.

Hatua ya 2. Pima mwinuko
Chukua kamba ya mita 10 na pima maji la fundi. Mmoja aishikilie kamba chini kabisa ardhini upande wa juu, mwenzake avute upande wa bondeni mpaka ikae sawa, halafu pima kutoka kamba hadi ardhini. Ikizidi mita 1 ujue mwinuko umepita 10%, na njia ya udongo ikienda hivyo kwa mwendo mrefu haikai. Kuna kipimo kingine ambacho watu wanakisahau, mwinuko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima chenyewe. Kilima kikiwa 16% njia iishie 8%, ukizidisha hapo maji hayavuki njia kwenda bondeni, yanaifanya njia ndo mfereji wao. Kwa hiyo njia inayopanda kilima moja kwa moja haina dawa ya kudumu, ihamishe ipite ubavuni.

Hatua ya 3. Yatoe maji
Inamisha njia kidogo kuelekea bondeni, sentimita 5 kwa kila mita 1 ya upana inatosha, mtembeaji hata hasikii. Kwangua na lile tuta linalojijenga kwenye ukingo wa nje kwa kukanyagwa, maana linayafungia maji ndani. Pale yanapokuja kwa kasi laza mstari wa mawe makubwa kimshazari, kama nyuzi 45, na upande wa chini uachiwe mdomo mpana. Sisi mwanzoni tuliweka magogo yamekingama njia moja kwa moja bila mshazari, tukapiga na picha. Mvua mbili tu udongo ukajaa nyuma ya magogo, maji yakawa yanaruka juu kama kwenye ngazi, watu wakaanza kuzunguka pembeni, tukawa tumetengeneza njia tatu badala ya moja. Tuling'oa yote.

Hatua ya 4. Ziba njia za mkato
Kwenye kona watu watakata tu. Kibao cha "usipite hapa" peke yake kinageuka cha kupigia selfi. Weka mawe yaliyozikwa nusu, matawi makavu, panda vichaka vya asili ya hapohapo, ili ile kona isionekane kama mlango.

Hatua ya 5. Sasa njoo kwa watu
Maegesho ndo geti lako la kweli. Ukipanua ya magari 20 yakawa 60, umeshaamua idadi ya watakaosimama pale maporomokoni, mengine ni maneno. Halafu usidanganyike kwamba ukiwatawanya watu porini madhara yanapungua. Kwenye majani laini wapitaji wachache wa mwanzo ndo wanaofanya sehemu kubwa ya uharibifu, wanaofuata wanaongeza kidogo. Wakusanye kwenye njia moja yenye ardhi ngumu.
Na kufunga sio aibu. Thailand waliufunga ufukwe wa Maya Bay 2018, ukafunguliwa Januari 2022, na boti haziingii tena mbele kwenye matumbawe, zinashushia watu upande wa nyuma. Iceland nao waliwahi kufunga korongo la Fjaðrárgljúfur 2019 baada ya msanii mkubwa kurekodi video pale na watu kumiminika, majani yakaisha kingoni.

MASWALI

Swali: Mwalimu, kwetu hakuna pa kuhamishia njia, kulia mwamba kushoto shimo.
Jibu: Hapo jenga ngazi za mawe mkuu, kila jiwe lilalie lile la chini yake, na kina cha kukanyagia kitoshe buti zima. Ngazi fupi fupi za kubana watu wanazikimbia, wanarudi kwenye udongo.

Swali: Mi sio msimamizi, natembea tu wikiendi. Nikikuta tope?
Jibu: Pita katikati dada, viatu vitafuliwa. Na ukibanwa haja kubwa mbali na choo, sogea kama mita 60 kutoka kwenye maji na njia, chimba sentimita 15 hadi 20, fukia. Karatasi rudi nazo kwenye mfuko.

Swali: Tumwage zege yote tumalize?
Jibu: Kipande cha karibu na maegesho hadi pa kutazamia sawa, hata wa kiti cha magurudumu afike. Juu huko hapana, maji yatachimba pembeni ya zege na utabaki na daraja lisilo na mto.

Swali: Wenyeji waliokuwa wanapita hapo kuchota maji na kukata kuni wanaambiwa nao wakate tiketi. Ni sawa hiyo?
Jibu: Sio sawa hata kidogo kaka. Njia ilikuwa yao kabla ya kamera kufika. Wapite bure, na wawe wa kwanza kuajiriwa kwenye hiyo sururu, maana wao ndo wanajua maji yalikuwa yanapita wapi kabla njia haijachongwa. Sisi mzee mmoja alituonyesha kijito cha zamani tulichokuwa tumekifukia bila kujua, tukakifungua, ile kona iliyotusumbua misimu miwili ikakauka.

Swali: Hizo mambo niweke za rangi?
Jibu: Funga kitambaa chochote cha kung'aa, ila usisahau kuzing'oa.