Jinsi ya kuzuia vumbi na moshi kwenye saiti ya ujenzi wakati wa kiangazi Tabora

Mvua ikishakatika mwezi wa tano, ardhi ya Tabora hukauka hadi karibu Novemba. Tipa moja likiingia saiti ya Ipuli au Isevya, vumbi lake linatua kwenye nguo zilizoanikwa kwa jirani na kwenye sufuria ya mama ntilie wa ng'ambo ya barabara. Wasimamizi wengi wakilalamikiwa huita boza. Lakini maji ya kiangazi ni ghali, na jua la saa saba halichelewi kuyakausha. Ndiyo maana nasisitiza mpangilio wa saiti kwanza, maji baadaye.

Lijue kwanza unalopambana nalo. Vumbi unaloliona likiruka ni kero, ila nyingi ya chembe zake huishia puani na kooni. Linalofika ndani ya mapafu ni lile dogo, chini ya mikromita 10 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati unywele wa mtu una unene wa kama mikromita 70. Kokoto zetu nyingi hapa ni za graniti, na graniti ina silika, aina ya madini ya mawe, kwa wingi. Mchanga, zege na tofali za saruji pia zina silika. Ukiivuta kwa miaka inaleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba, na inamweka fundi kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Tangu 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka silika kwenye kundi la visababishi vya saratani.

Hatua ya 1: Soma upepo. Funga kipande cha mfuko mwepesi kwenye mti mrefu, uangalie asubuhi, mchana na jioni. Kiangazi upepo wetu hutoka zaidi mashariki na kusini mashariki, lakini majengo huugeuza, kwa hiyo amini unachokiona kwenye saiti yako. Lundo la mchanga na sehemu ya kuchanganyia saruji visikae mahali ambapo upepo utapeleka vumbi dirishani kwa watu. Mwembe usiogusa msingi uache: unakata upepo, na vijana watapata kivuli.

Hatua ya 2: Safisha unapojenga tu. Greda likikwangua kiwanja kizima siku moja, utakuwa na uwanja mtupu wa kupuliza vumbi hadi masika. Acha nyasi pale ambapo kazi haijafika.

Hatua ya 3: Njia moja ya magari. Iwekee moramu na uishindilie. Mwendo usizidi kilomita 15 kwa saa. Dereva akipunguza mwendo, vumbi linapungua kabla hujamwaga hata tone. Tipa lisijazwe mpaka juu ya bodi, na turubai lifungwe kabla halijatoka machimboni.

Hatua ya 4: Sasa maji. Mimi huanzia lita moja kwa kila mita ya mraba. Njia ya mita 50 kwa 4 ni mita za mraba 200, yaani pipa moja la lita 200. Nyunyiza kabla magari hayajaanza kuingia, kisha tena mchana vumbi linapoanza kuinuka. Lengo ni unyevu. Ukifika tope, umepoteza maji na matairi yatalibeba hadi kwenye lami, likauke huko na kuwa vumbi upya. Kwa lundo la mchanga na kona ndogo, bomba la mgongoni kama lile la wakulima wa tumbaku linatosha kabisa, ila nunua jipya. Lililowahi kubeba dawa usilitumie karibu na watu. Na oili chafu usimwage barabarani hata ukipewa bure: inazama ardhini na inaweza kufika kwenye visima.

Hatua ya 5: Kukata, kuchanganya, kufagia. Hapa ndipo mafundi wanapoumia zaidi, maana pua iko karibu na chanzo. Marumaru za kawaida zikate kwa mashine ya mkono inayochora mstari na kuvunja. Karibu haitoi vumbi. Ukilazimika kutumia gurainda, tumia iliyotengenezwa na mfumo wake wa maji. Gurainda ya kawaida ya umeme usiimwagie maji kwa kopo, utapigwa shoti.

Mfuko wa saruji ulaze karibu kabisa na mchanganyiko, upasue upande wa chini, kisha uvute mfuko taratibu saruji ibaki chini. Usiubebe begani ukaumwaga kutoka juu, na ukiisha usiukung'ute, ukunje. Kwenye mikisa tanguliza kokoto na sehemu ya maji, saruji ifuate. Kifusi cha ghorofani kishushwe kwa mapipa yaliyoungwa, kisirushwe. Sakafu inyunyizwe kabla ya ufagio kugusa.

Hatua ya 6: Barakoa ni nyongeza. Kitambaa hakizuii silika. Tafuta barakoa ya kuchuja vumbi dogo iliyoandikwa N95 au FFP2, ibane vizuri puani. Kwenye ndevu nyingi haikai, hewa inapita pembeni. Nguo za kazi zibaki saiti, zisiende kukung'utwa nyumbani penye watoto.

Hatua ya 7: Moshi. Jenereta likitoa moshi mweusi, anza na ea klina, yaani chujio la hewa. Mara nyingi imezibwa na vumbi lilelile. Lisiwashwe ndani ya jengo, hata lisilo na milango: kaboni monoksaidi haina harufu na inaua. Tipa linalosubiri kupakia lizimwe. Mifuko ya saruji na vipande vya mabomba ya plastiki visichomwe. Moshi wa plastiki hiyo una sumu.

Hatua ya 8: Kagua kila siku. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na ile ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 zinakuhusu, hata kama unajenga nyumba ya vyumba vitatu. Weka sahani nyeupe kwenye mpaka wa kila jirani asubuhi, uitazame jioni. Haipimi chembe ndogo, lakini inakuonyesha upande unaovuja. Andika kwenye daftari: upepo, maji uliyotumia, malalamiko na ulichorekebisha. Namba ya msimamizi iandikwe getini kwa herufi kubwa, na upepo ukizidi hadi vumbi linavuka uzio licha ya maji, simamisha uchimbaji na upakuaji, uwahamishie vijana kwenye kusuka nondo.