Video safi kwa simu ya kawaida, ukiwa Dar

Kabla ya kuilaumu simu, futa lenzi. Simu ikikaa mfukoni hushika jasho na mafuta ya vidole, na mafuta hayo ndiyo yanayoizungushia kila taa ukungu. Kipande cha fulana ya pamba iliyofuliwa kinatosha. Kuna na ukungu mwingine: ukitoka chumba chenye AC kwenda nje kwenye joto, lenzi hutoa jasho palepale. Ukifuta utarudi; subiri dakika tano hadi kumi simu ipate joto la nje.

Jua la Dar saa 6 mchana liko karibu na utosi. Paji la uso linang'aa, macho yanageuka mashimo. Mwanga mzuri ni tangu jua linapochomoza hadi kama saa 2 asubuhi, na tangu saa 10:30 jioni hadi linapozama. Kama kazi ni ya mchana, tuseme unatangaza nguo dukani Kariakoo, mweke msemaji kivulini barazani, uso ukielekea mtaani. Usimsimamishe akiwa na mlango wazi mgongoni: simu itapima mwanga wa nje, yeye abaki kivuli cheusi. Kisha gusa uso wake kwenye kioo na ushikilie kidole mpaka alama ya kufunga fokasi itokee, uteleze chini kidogo kupunguza mwanga. Giza dogo hurekebishika kwenye kuhariri. Uso ulioungua ukawa mweupe kabisa haurudi.

Ndani, chini ya taa, wengi huona mistari inayopanda na kushuka kwenye video, wakadhani kamera imekufa. Haijafa. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko una mapigo mawili, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, wakati simu nyingi huja zikiwa kwenye fremu 30 (picha 30 kwa sekunde), mpangilio unaoendana na umeme wa hezi 60 kama wa Marekani. Weka fremu 25 kwa sekunde, na kama simu ina hali ya kujipangia mwenyewe, kasi ya shata (muda ambao kila picha hupokea mwanga) iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde. Kwenye iPhone, fremu 25 hujitokeza ukishawasha PAL (mfumo wa video wa nchi zenye umeme wa hezi 50) katika mipangilio ya kurekodi video. Mistari ikibaki, tatizo ni taa yenyewe: badilisha balbu, au sogea dirishani.

Sauti ndiyo inayomfukuza mtazamaji. Picha mbaya kidogo atavumilia, lakini sauti ya mbali iliyochanganyika na honi za bodaboda, hapana. Maiki ya kubana kwenye kola ibanwe kama sentimita 20 chini ya mdomo, isiguse mkufu wala ushungi. Huna maiki? Chukua simu ya pili, fungua programu ya kurekodi sauti, itie mfuko wa shati wa msemaji, kisha apige kofi moja mbele ya kamera. Kofi hilo ndilo utakalooanishia sauti na picha baadaye. Zima feni, hata kama ni Februari. Ufukweni, upepo wa bahari huingia moja kwa moja kwenye maiki, basi ivishe sponji na umpe upepo mgongo.

Tumia kamera ya nyuma, kwa kawaida ni bora kuliko ya selfi. Ukitaka kitu kiwe kikubwa, sogea kwa miguu, usivute kwa vidole. Ubora wa 1080p unatosha kwa kazi nyingi: dakika moja hula takriban MB 60 hadi 130, na 4K, ubora wa juu zaidi, huzidi hapo mara mbili au tatu. Weka simu katika hali ya ndegeni, maana simu ikipigwa katikati, kurekodi kunaweza kukatika. Juani itoe kava. Ikichemka hufifisha kioo, mwishowe inajizimia kamera.

Ukimtumia mteja kwa WhatsApp, tuma kama hati. Ukituma kama video ya kawaida itabanwa, na kazi yote ya mwanga itaishia hapo.