Somo: Kubadilisha pampu ya mafuta kwenye mashine ya boti ya zamani

Kabla hujatoa hela, pima. Pampu nyingi ninazoletewa zikiitwa mbovu huwa ni nzima, na mwenye boti huwa ameshanunua mpya.

Kwanza tuelewane inavyofanya kazi. Kwenye mashine za mipigo miwili, zile za kuchanganya oili na petroli, pampu haina waya wala mota. Pistoni ikipanda inavuta hewa ndani ya kasha la krenki, lile lililo chini ya pistoni, ikishuka inaisukuma. Vuta-sukuma hiyo inapita kwenye kitundu kidogo nyuma ya pampu na kukitikisa kiwambo, kile kipande chembamba ambacho mafundi wengi wanakiita daiframu. Kiwambo kikivutwa, petroli inaingia kwa valvu moja. Kikisukumwa, inatokea valvu ya pili kwenda kwenye kabureta. Ni hayo tu, na karibu kila kosa la kazi hii linahusu kitundu, kiwambo au valvu hizo mbili.

Kupima

Ingia majini na mwenzako, ipe mashine resi. Ikianza kulegea, mwenzako aukamue ule mpira wa mkono ulio kwenye paipu ya tangi. Kama mashine inachangamka kila akikamua, na akiacha inalegea tena, pampu imechoka. Lakini kama ameukuta mpira umenywea, umejibana kama chupa ya plastiki iliyonyonywa, basi shida iko nyuma huko: pumzi ya kifuniko cha tangi haijafunguliwa, chujio la tangini limeziba, au paipu imebanduka kwa ndani ingawa nje inang'aa. Hapo pampu mpya haitakusaidia kitu.

Dalili nyingine ni plagi. Fungua zote uzipange. Moja ikiwa imelowa na nyeusi wakati wenzake ni kavu, na ni ya silinda ambayo pampu imefungwa kwake, kiwambo kimetoboka na petroli inapita kitunduni moja kwa moja.

Kufungua

Chomoa waya hasi wa betri, chomoa paipu ya tangi, fanyia kazi mahali penye upepo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unalala chini ya boti, na cheche moja inautosha.

Piga picha ya paipu zote, kisha funga kitambaa kwenye ile inayotoka kwenye filta. Paipu ikigoma usiivute. Izungushe kwanza, na ikikataa kabisa ipasue kwa wembe kwa urefu. Paipu ni rahisi kuipata kuliko pampu iliyovunjika mdomo.

Halafu tulia uangalie bolti. Kuna zinazoifunga pampu kwenye mashine, na kuna skrubu zinazoishikilia pampu yenyewe isiachane. Ukikosea ukaanza na hizo za pili, vipande vitakudondokea mkononi na hutajua kipi kilianza. Bolti iliyoshikwa na chumvi inyunyizie mafuta ya kulainisha kutu, iache usiku mzima. Maji ya moto pia husaidia. Moto wenyewe, hapana.

Pampu ikiganda, igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi, usiichokonoe kwa ncha. Ile ni alumini, na mkwaruzo mmoja utavujisha hewa miaka yote. Ikishatoka, ziba kitundu kwa tambara safi kabla hujakwangua gasketi ya zamani, la sivyo mabaki yanaingia kwenye krenki.

Kufunga

Ishike gasketi mpya kwenye mwanga, uilinganishe na mashine. Ina matundu ya bolti na tundu la mapigo, yaani la kile kitundu cha vuta-sukuma. Kwenye baadhi ya mashine ukiigeuza bolti zinaingia vizuri tu, ila tundu la mapigo linazibwa, na pampu mpya inakaa pale kama pambo. Gundi ya silikoni usipake. Petroli inailainisha, na vipande vyake vinakwenda kuziba palepale tunapopalinda.

Ondoa tambara (ndiyo, watu husahau). Anza bolti zote kwa vidole, kisha kaza robo-robo ukipokezanya pande. Ukisikia bolti iliyokuwa ngumu inalainika ghafla, umeshakula meno.

Sasa paipu. Mimi mwenyewe siku moja nilizibadilishana, ya kuingiza nikaiweka ya kutoa. Nikakamua mpira, ukawa mgumu mara mbili tu, nikafurahi. Nilivuta kamba mpaka bega likauma. Kumbe nilikuwa naisukuma petroli dhidi ya valvu iliyofungwa, na kabureta ilikuwa kavu tangu mwanzo. Angalia mshale kwenye mwili wa pampu, na kama haupo, rudi kwenye picha yako. Filta badilisha hapohapo.

Kamua mpira hadi uwe mgumu, kisha pitisha karatasi kavu kila kiungo. Ikilowa popote, usiwashe. Ukiwasha, mashine iwe inapata maji, maana impela, ile feni ya mpira inayovuta maji ya kupoza mashine, ikizunguka kavu inaharibika haraka. Mashine kutulia ikinguruma bila resi hakuthibitishi kitu. Rudi majini uipe resi kamili chini ya mzigo.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, lazima ninunue pampu nzima au kiwambo kinatosha?*

Kama mwili haujapinda na valvu zinaziba, kiwambo na gasketi zake vinatosha. Vipange mezani kwa mfuatano ulivyovitoa. Kiwambo na gasketi vikipishana nafasi, pampu itavuja au haitavuta.

*Shikamoo fundi. Yangu ni ya mipigo minne, pampu inasukumwa na kemu, ile shafti yenye nundu. Oili imepanda kwenye kijiti na inanuka petroli.*

Marahaba. Usiiwashe tena. Kiwambo kinavujisha petroli ndani ya oili, na oili iliyochujuka hailindi beringi. Badilisha pampu, oili na filta ya oili kwa pamoja. Kabla ya kufungua, zungusha flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya mashine, kwa uelekeo wake wa kawaida hadi kemu iache kuisukuma pampu, vinginevyo springi itaipindisha wakati unafunga. Usiirudishe nyuma, utakunja mabawa ya impela.

*Nina mashine ya Johnson yenye pampu ya VRO inayochanganya oili yenyewe. Naweza kuweka ya kawaida?*

Inawezekana, wengi wamefanya hivyo tangu mfumo huo uanze 1984. Chagua pampu inayotosha nguvu za mashine yako, uzibe vizuri paipu ya oili. Kuanzia siku hiyo oili unachanganya mwenyewe tangini, 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Ukisahau mara moja tu, pistoni zinakwama. Kama boti inaendeshwa na watu wengi, waandikie kwenye kifuniko cha tangi.

*Na pampu ya umeme ya gari je? Nimeipata bure.*

Iache. Nyingi zina msukumo mkubwa kuliko sindano ya kabureta inavyoweza kuzuia, mafuta yatafurika. Halafu mashine ikizima ghafla na swichi bado imewashwa, yenyewe inaendelea kumwaga petroli.