Jinsi ya Kupata Lishe Bora kwa Gharama Nafuu, Ukianza na Maharagwe

Virutubisho vingi tunavyovilipia havitufikii mwilini, kwa kuwa vingine humwagwa pamoja na maji ya kuchemshia, vingine huharibiwa na moto, na vingine huzuiliwa na kikombe cha chai kinachonywewa pamoja na chakula. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta fedha zaidi za chakula, ni vyema kuokoa kile ambacho tayari kimo jikoni.

Maharagwe makavu ndiyo mahali pazuri pa kuanzia. Gramu 100 za maharagwe hayo zina zaidi ya gramu 20 za protini, ilhali yai moja lina gramu 6 hivi. Yachambue, yaoshe, kisha uyaloweke kwa saa 12. Asubuhi utayakuta yamefura, maganda yamenyooka na maji yamebadilika rangi. Maji hayo yamwage, kwa sababu yamebeba sehemu ya sukari zinazojaza gesi tumboni, halafu uyabandike kwa maji mapya na kuyaacha yatokote kwa nguvu kwa angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Jambo hili nalisisitiza, kwani maharagwe, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo moto wa taratibu hauiondoi, hata kama yatakaa jikoni siku nzima. Yakiiva, punje moja ukiibonyeza kwa vidole hupondeka yote bila kubakiza kiini kigumu.

Kula maharagwe pamoja na nafaka, ikiwezekana nafaka isiyokobolewa. Protini ya maharagwe ina upungufu wa methionini na ile ya nafaka ina upungufu wa lisini, ambazo zote ni asidi amino, yaani vijenzi vya protini, hivyo kila moja huijazia nyingine pengo lake.

Suala linalohitaji uangalifu zaidi ni madini ya chuma, hasa kwa wajawazito na kwa wasichana waliokwisha kuanza hedhi. Chuma kilichomo katika maharagwe na mboga za majani hufyonzwa kwa shida, lakini vitamini C inapokuwemo katika mlo huohuo hufyonzwa vizuri zaidi. Kamulia limau kwenye sahani wakati wa kula, wala si kwenye sufuria iliyo motoni, kwa kuwa joto huiharibu vitamini hiyo. Chungwa moja baada ya mlo hufanya kazi ileile. Chai na kahawa hufanya kinyume chake, hivyo zisubiri kwa saa 1 hivi.

Mboga za majani zioshe kabla ya kuzikata, uzipike kwa maji kidogo na kwa dakika chache. Yale maji ya kijani yanayobaki chini ya sufuria yamebeba vitamini zilizotoka kwenye majani, kwa hiyo yatumie kama mchuzi. Ongeza kijiko kimoja cha mafuta, kwani karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, huhitaji mafuta ili ifyonzwe.

Kuhusu vinywaji, maji safi yanatosha. Soda ya mililita 330 kwa kawaida ina takriban gramu 35 za sukari, yaani karibu vijiko 9 vya chai, na fedha inayolipiwa soda moja kila siku ingetosha kuongeza matunda mezani kwa wiki nzima.