Jinsi ya Kumwinda Tandala Mkubwa Dume Aliyekomaa Katika Nyika za Kanda ya Kati

Tandala mkubwa dume aliyetimiza umri wake hutafutwa kwa miguu, kwa macho na kwa subira muda mrefu kabla bunduki haijashushwa begani. Katika Kanda ya Kati wawindaji humfuata zaidi kwenye mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, upande wa Manyoni na Itigi, ambako misitu ya miombo hukutana na vichaka vizito vya nyika kavu na vilima vya mawe. Maelekezo haya ni kwa mwindaji mwenye leseni anayetaka dume mmoja mzee, na ambaye yuko tayari kurudi kambini mikono mitupu ikiwa madume wote aliowaona bado ni vijana. Kwa maoni yangu, kumtambua mzee na kuwaacha wengine ndiyo kazi yenyewe, na kwa sababu hiyo nitaeleza kutazama kwa kirefu kuliko kupiga.

Vibali na mipaka

Uwindaji wote Tanzania Bara unatawaliwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na mapori ya akiba yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, yaani TAWA. Leseni ya uwindaji ni jambo moja na leseni ya kumiliki silaha ni jambo jingine. Hii ya pili inatokana na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na huanzia polisi. Msimu hufunguliwa tarehe 1 Julai. Soma leseni yako neno kwa neno, kwa kuwa inataja aina ya mnyama, idadi na eneo, na tandala mkubwa hahesabiwi sawa na tandala mdogo. Ukiwa Rungwa au Kizigo, kumbuka pia kwamba mapori hayo yanapakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambamo uwindaji hauruhusiwi kabisa, kwa hiyo mwombe askari wa wanyamapori anayefuatana nawe akuonyeshe mpaka siku ya kwanza, kabla ya kufuata nyayo zozote.

Sheria inakataza pia kumpiga mnyama kutoka kwenye gari, kumulika kwa taa usiku, kutumia mitego au sumu, na kumvizia kwenye maji au penye chumvi. Umbali unaotakiwa kutoka kwenye maji na kwenye mpaka ufafanuliwe na afisa wanyamapori, wala usikubali kauli ya mtu mwingine yeyote kambini. Mkikuta nyaya za mitego porini, askari aarifiwe palepale ili ziondolewe, kwa maana waya mmoja humuua jike mwenye mimba kwa urahisi uleule unaomuua dume.

Wakati wa kwenda

Kanda ya Kati ina msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili. Mwezi Julai nyasi bado ni ndefu na vichaka bado vina majani, kwa hiyo tandala anaweza kusimama karibu nawe usimwone. Kadiri kiangazi kinavyosonga mbele majani ya vichaka hudondoka, vijito hukauka, na wanyama hulazimika kukaa karibu na maji yaliyobaki. Mimi napendelea Agosti hadi katikati ya Septemba. Baada ya hapo miombo huanza kuchipua majani mapya mekundu hata kabla ya mvua, na ingawa vichaka vya Itigi hubaki vitupu kwa muda zaidi, joto la mchana huwa kali kiasi cha kuharibu nyama upesi.

Asubuhi za Julai na Agosti zina baridi na upepo, na hali hiyo inamsaidia mwindaji. Tandala hupenda kuota jua la mapema, hivyo kagua miteremko ya vilima inayotazama mashariki tangu kupambazuka, ukiwa umeketi mahali pamoja na darubini, badala ya kutembea huku na huku na kuwashtua wanyama ambao hujawaona. Jua likipanda huingia vivulini na kusimama humo bila kutikisika, kisha hutoka tena kula jioni.

Kumtambua dume mzee

Kwanza hakikisha kwamba unayemtazama ni tandala mkubwa. Nyika hizi zina tandala mdogo pia, na kwa mtu asiyezoea wote wawili wana pembe za kusokotwa na mistari myeupe ubavuni. Tandala mdogo ana mistari mingi zaidi, yapata 11 hadi 15, ana mabaka mawili meupe shingoni, na hana ndevu kooni. Tandala mkubwa ana mistari 6 hadi 10, na dume wake ana manyoya marefu yanayoning'inia kutoka kidevuni hadi chini ya shingo. Jike wa aina zote mbili hana pembe.

Umri husomwa hasa kwenye pembe. Pembe za dume huanza kuota kabla hajatimiza mwaka mmoja. Hufikia karibu mzunguko mmoja kamili akiwa na miaka miwili hivi, na mizunguko miwili na nusu haitimii mpaka akaribie miaka sita. Dume wa miaka minne anaweza kuonekana mkubwa mno machoni pa mgeni, kwa kuwa mwili wake umeshajaa na pembe zake zinapita masikio kwa mbali, lakini ukimtazama kwa utulivu utaona kwamba ncha bado zinaelekea ndani au zimesimama wima, na mzunguko wa pili haujafunguka. Kwa mzee ncha zimepita msokoto wa mwisho, zimegeuka kuelekea nje na juu, na mara nyingi ni nyeupe kama pembe ya ndovu kwa kulika. Shina la pembe nalo huwa nene, na mikunjo yake imesuguliwa kwenye miti.

Usitegemee pembe peke yake. Mtazame kwa ubavu na kwa mbele, kwa kuwa pembe zilizopanuka sana hudanganya zikitazamwa kwa upande mmoja tu. Dume kijana ana rangi ya hudhurungi, ilhali mzee hugeuka kijivu chenye kuelekea buluu kadiri manyoya yanavyopungua na ngozi kuonekana. Shingo yake ni nene, manyoya ya koo ni marefu, na tumbo huanza kulegea. Mienendo nayo husema mengi: katika kiangazi madume hutembea mbali na majike, vijana wakiwa vikundi vidogo na wazee mara nyingi wakiwa peke yao au wawili wawili. Ukiona kundi la madume, usimpime wa kwanza kutokea, kwa sababu mara nyingi wanaotangulia kuingia mahali pa wazi ni vijana na mzee hubaki nyuma kwenye kivuli mpaka aridhike.

Hapa ndipo mwindaji bingwa, yaani yule anayekuongoza kwa taaluma yake, na mfuata nyayo wanapopaswa kusikilizwa. Wenyeji wa mapori haya, wakiwemo Wakimbu na Wagogo, na Wasandawe wa upande wa Chemba na Kondoa, wametoka katika jamii zilizowajua wanyama hawa tangu zamani, na mzee aliyefuata nyayo maisha yake yote huona kwa macho matupu kile ambacho wewe unakitafuta kwa darubini. Akikwambia kwamba huyu bado, mwache aende, hata kama ni siku yako ya mwisho ya leseni. Dume aliyeachwa akiwa na miaka minne atakuwa amepanda majike misimu kadhaa kabla hajafikia umri wa kuwindwa, na pori litakuwa na faida hiyo hata kama hutarudi.

Kufuata nyayo na kunyemelea

Unyayo wa tandala dume ni mwembamba na umechongoka mbele, mkubwa kuliko wa swala pala na mdogo kuliko wa pofu, ambao ni mpana na wa mviringo zaidi. Ukubwa wa kwato peke yake hauthibitishi uzee, hivyo tafuta dalili nyingine zinazoandamana nao: matawi yaliyovunjwa juu ya kichwa cha mtu kwa pembe ili majani yafikiwe, magome yaliyosuguliwa, na kinyesi chenye unyevu bado. Kingo za unyayo zikiwa kali na mchanga wa ndani ukiwa na rangi ya giza, mnyama amepita asubuhi hiyo. Zikiwa zimelainishwa na upepo au zimekatwa na njia za sisimizi, amepita jana, na ni afadhali kutafuta nyingine.

Upepo wa kiangazi hapa huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, lakini kwenye mabonde na pembezoni mwa vilima hugeuka ghafla. Beba kifuko kidogo cha kitambaa chenye majivu laini, ukitikise kila baada ya hatua kadhaa, na ukiona majivu yanaelekea kwa mnyama, rudi nyuma na uzunguke, hata kama kufanya hivyo kutakula saa nzima. Masikio ya tandala ni makubwa ajabu na husikia jani kavu likivunjika, kwa hiyo kundi la wanyemeleaji lisizidi watu watatu au wanne katika hatua ya mwisho. Akibweka kwa sauti ile kubwa na nzito, ameshatambua hatari. Tulieni pale mlipo, maana kukimbilia upande wake ni kumpoteza.

Anapoondoka hulaza pembe mgongoni na kupita chini ya matawi bila kishindo, lakini ana tabia ya kusimama baada ya mbio fupi na kugeuka kutazama kilichomshtua. Kuwa tayari kwa muda huo, lakini usiutumie kufanya haraka katika uamuzi wa umri.

Kupiga na baada ya kupiga

Kuhusu bunduki sina mengi: ya kipimo cha .300 au .375 uliyoijaribu kambini kwa risasi zilezile utakazotumia inatosha. Tumia fimbo tatu za kutegemeza bunduki, usipige zaidi ya umbali ambao una hakika nao, na subiri mnyama asimame akikupa ubavu. Panda kwa macho kufuata mguu wa mbele, ulenge theluthi ya chini ya mwili, nyuma kidogo tu ya mstari wa bega. Usipige kupitia matawi, kwani hata kijiti chembamba huweza kupotosha risasi.

Akikimbia, weka alama mahali alipokuwa amesimama na ungoje dakika 15 au 20. Damu nyekundu yenye povu ni ya mapafu, na kwa kawaida utamkuta karibu. Damu nyeusi ni ya ini. Ukiona majimaji ya kijani, risasi imepita tumboni, na hapo subira lazima iwe ndefu zaidi ili alale, badala ya kumsukuma hadi vichaka visivyopitika. Mnyama aliyejeruhiwa huhesabiwa kwenye leseni, na wajibu wa kumtafuta mpaka apatikane ni wako.

Wenzenu wakiwa Waislamu, mpeni nafasi mwenye kuchinja amfikie mapema, kwa kuwa nyama hiyo italiwa na kambi nzima. Dume mzee anaweza kuzidi kilo 250, hivyo mpasueni tumbo na mtoe matumbo palepale, kivulini, kisha nyama ininginizwe ipate hewa. Mnyama mliyemkuta amekufa bila sababu inayoonekana asiguswe wala kuliwa, kwa hofu ya ugonjwa wa kimeta; toeni taarifa.

Pembe hupimwa kwa kufuata msokoto kutoka shinani hadi nchani, wala si kwa mstari ulionyooka. Fuvu lichemshwe mpaka magamba ya pembe yalegee na kutoka kwenye mifupa yake, vyote vikaushwe kivulini mbali na wadudu, na leseni ijazwe na kusainiwa na askari siku hiyohiyo, kwa kuwa bila kumbukumbu hiyo hutaweza kupewa hati ya umiliki wa nyara, na pembe hizo hazitaruhusiwa kuondoka kambini.