Kusoma slaidi ya usaha: tazama na seli, si bakteria peke yao

Mvuvi anashusha samaki pale mwalo wa Deep Sea, mwiba wa changu unamchoma kidole, anafunga kitambaa na kuendelea na kazi. Siku ya tatu kidole kimevimba, kina moto, kinapwita usiku kucha. Usaha wa namna hiyo hufika mezani kwangu hapa Tanga mara kwa mara, na ndio nitakaoutumia kuwaelekeza ninyi mnaoanza kazi ya maabara. Wengi nawaona wanakimbilia bakteria na kuziruka seli nyeupe za damu, wakati seli hizo zilifika kwenye kidonda siku nyingi kabla yetu.

Hatua ya 1: Pata usaha wa ndani. Kidonda kisafishwe kwanza kwa maji ya chumvi ya hospitali, usaha wa juu ufutwe. Jipu likiwa halijapasuka, usaha uliovutwa kwa bomba la sindano ni bora kuliko swabu, yaani kijiti cha pamba. Juu ya ngozi kuna bakteria siku zote, hata kwa mtu mzima wa afya, na hao watakuchanganya.

Hatua ya 2: Paka nyembamba. Ukiiweka slaidi juu ya gazeti, herufi zisomeke. Iache ikauke yenyewe, kisha idondoshee methanoli na usubiri dakika 2. Moto wa spiriti unakausha, lakini unazikunja seli, na seli ndizo tunazozitaka.

Hatua ya 3: Tia rangi. Mbinu hii ni ya Mdenmark Hans Christian Gram, aliyeitangaza mwaka 1884 akiwa Berlin. Kristali vayoleti dakika 1, suuza, iodini ya Lugol dakika 1, suuza, asetoni na alkoholi sekunde chache tu, suuza upesi, safranini dakika 1 hadi 2, suuza, kausha.

Hapo kwenye asetoni pana hatari. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliichelewesha, bakteria wa zambarau (ndio Gram chanya) wakatoka wekundu, nikaandika "Gram hasi", jina la wale wanaotoka wekundu kwa kawaida. Mgonjwa akaanzishiwa dawa kwa jibu langu, mpaka koloni, yaani makundi ya bakteria waliooteshwa, zilipoota kesho yake ndipo ikabadilishwa. Jambo lile halijanitoka moyoni. Tangu hapo sitii rangi bila slaidi ya bakteria ninaowajua pembeni.

Hatua ya 4: Anza na lenzi ya 10, kisha 100 kwa mafuta. Kwa lenzi ndogo tafuta seli. Ukikuta seli kubwa bapa za ngozi zimejaa na seli za usaha hazipo, sampuli ilichukuliwa juu juu, omba nyingine. Seli za usaha ni neutrofili, aina ya seli nyeupe: kiini chake kimegawanyika mapande 2 hadi 5 yaliyounganishwa kwa uzi mwembamba.

Sasa weka mafuta, usogeze taratibu. Katika slaidi ya kidole kile niliona vitone vya zambarau, yaani bakteria wa mviringo waitwao koki, vimeshikana kama kichala, na neutrofili moja ikiwa na vitone sita tumboni. Imewameza. Iliwajuaje?

Haikuhitaji kuwa imewahi kukutana nao. Chini ya ngozi hukaa makrofaji, seli za ulinzi zinazomeza vijidudu, na juu yake kuna vipokezi vya Toll, tunavyozaliwa navyo. Vinashika vitu ambavyo seli ya binadamu haina. Kimojawapo, TLR4, hushika mafuta-sukari ya utando wa nje wa bakteria wa Gram hasi. TLR2 hushika protini zenye mafuta, hasa za Gram chanya. Tazama basi: ukuta uleule unaoamua rangi kwenye slaidi yako, mwili nao unausoma kwa njia yake.

Makrofaji ikishagusa, inatoa saitokini, kemikali za kuita msaada. Mishipa midogo inatanuka na kuvuja, kidole kinavimba na kuwa na moto. Neutrofili zinabingirika kwenye ukuta wa mshipa, zinajipenyeza nje, zinafuata harufu ya kemikali hadi kwenye mwiba. Protini za komplimenti, walinzi wengine waliomo kwenye damu, zimeshawaganda bakteria, na aliyegandwa humezwa kwa urahisi zaidi. Ndani ya seli humiminiwa asidi ya haipoklorasi, ndugu wa klorini tunayofutia meza zetu. Kimeng'enya kinachoitengeneza ni cha kijani, na ndicho kinachoupa usaha ukijani wake.

Sisi watu wa pwani tungemwelewa haraka Élie Metchnikoff, mwanasayansi Mrusi. Mwaka 1882, huko Messina, Italia, alichoma miiba kwenye viti vya pweza wachanga, wanaopitisha mwanga kama kioo. Asubuhi akakuta seli zimeuzunguka mwiba. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1908.

Hatua ya 5: Andika pande zote mbili. Jibu langu lilikuwa hivi: "Seli za usaha nyingi. Koki wa Gram chanya, vichala, baadhi ndani ya seli." Maneno matatu ya mwisho yanamwambia daktari kwamba hawa hawakudondoka tu kutoka kwenye ngozi.

Ukiona seli za usaha tele na bakteria hakuna, usiandike "hakuna maambukizi". Otesha sampuli, fikiria pia rangi ya kutafutia bakteria wa kifua kikuu, halafu muulize mgonjwa alinunua vidonge gani vya kuua bakteria duka la dawa kabla ya kuja.